Watu wa Mawe wa Zardob

Upepo uligeuka walipokuwa wamebakisha mwendo mfupi kufika kileleni mwa Zardob, kipito cha mlimani. Tangu asubuhi ulikuwa ukiwasukuma mgongoni na kuwasaidia kupanda. Ghafla ukawapiga usoni, na pamoja nao ikaja theluji kavu, laini kama chumvi, iliyopenya puani, kwenye mikono ya makoti na ndani ya soksi za sufu. Savsan alisimama akatazama nyuma. Bonde la Chadib, walikomzika baba yake juzi, lilikuwa limekwisha kufutika. Akatazama mbele. Mbele nako hakukuwa na kitu.

"Mbona umesimama?" mama mkwe wake aliuliza kutoka nyuma.

"Natazama njia, Mama."

"Njia inatembewa, haitazamwi. Twende. Mtoto ana njaa."

Hilo la mtoto halikuhitaji kusemwa. Matiti ya Savsan yalikuwa yamejaa hadi kifua kizima kimekuwa kigumu kama ubao, na kila hatua ilimkumbusha. Nekruz, mwanawe wa miezi mitano, alikuwa ng'ambo ya mlima, kijijini Roshdara, kwa jirani yao Gulandom, akinyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Alikuwa na kikohozi, na hakuna mwenye akili timamu anayempitisha Zardob mtoto mwenye kikohozi wakati baridi inaanza. Ile barabara ya kando ya mto, ambayo gari lingewafikisha bila taabu, ilikuwa imefukiwa na maporomoko. Kwa hiyo habari ya msiba ilipokuja walikwenda kwa miguu. Savsan alikwenda kwa sababu aliyekufa ni baba yake. Shakarmo, mama mkwe wake, alikwenda kwa sababu mke wa mwanao haendi kuzika peke yake kama mtu asiye na kwao. Zohirsho, mume, ndiye aliyestahili kuongozana na mkewe, lakini alikuwa Moscow akipiga plasta nyumba za watu.

Chadib waliwasihi wangoje. Kaka yake Savsan alisema anga haina sura nzuri. Savsan hakutaka kusikia, maana Gulandom alikuwa amepiga simu kabla mtandao haujakatika: mtoto anakataa kijiko. Alilia kutwa, alisema Gulandom, na sasa hata kulia ameacha. Mama gani angekaa kitako akinywa chai ya matanga baada ya maneno hayo? Alitegemea mama mkwe wake angempinga, kama alivyompinga kwa kila kitu kwa miaka mitatu ya ndoa, kuanzia chai yake hadi namna anavyokunja magodoro. Shakarmo alifunga tu mkanda wake wa sufu na kusema, "Tuondoke basi, kabla watu wa Chadib hawajatumaliza kwa hotuba."

Kileleni kila mmoja alitupa jiwe juu ya lundo, akasema "Ya Ali madad", dua ya kuomba msaada, haraka haraka, kisha wakaanza kushuka.

Njia haikuwapo. Juzi, walipopita, jua lilikuwa kali na nyayo za wachungaji zilionekana vizuri juu ya theluji mpya. Sasa dunia yote ilikuwa ukurasa mmoja mweupe unaopigapiga. Savsan alitembea ameinama, akipapasa kwa fimbo. Alihisi shali yake ikivutwa. Shakarmo alikuwa ameshika ncha yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Savsan alidhani ni upepo ndio unaomtisha, na moyoni akafurahi kidogo kwamba kumbe yule mwanamke naye huogopa.

Kisha akaliona rundo la mawe, refu kama kimo cha mtu, limesimama peke yake kwenye mteremko. Mbele yake kuna lingine. Na lingine.

"Mama, nimeona alama. Mawe yamepangwa."

"Yana jiwe jeupe juu?" Shakarmo alipaza sauti.

Savsan aliyatazama. Kila rundo lilikuwa na kofia nyeupe. Kwao Chadib mawe yakipangwa ni njia, basi, hakuna maswali mengine, na hakuelewa kwa nini mama mkwe wake analeta ukaguzi wakati huu.

"Yote meupe juu," akajibu.

"Sawa. Yafuate."

Wakayafuata. Mteremko ulikuwa mwepesi, na mawe yalikuja moja baada ya jingine bila kukosa, upande wa kulia, kisha kushoto nako yakaanza, safu mbili zikikaribiana kidogo kidogo. Savsan alipata nguvu. Alianza kuhesabu kimoyomoyo vitu atakavyovifanya akifika: atavua buti, ataosha kifua kwa maji ya moto, atamchukua mtoto. Aliongeza mwendo. Ndipo theluji iliyo chini ya mguu wake wa kushoto ikatoweka.

Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Mguu ulining'inia hewani, goti likagonga mwamba, na chini yake akaona shimo la kijivu lisilo na mwisho. Shali ikamkaba shingoni. Nyuma yake Shakarmo alikuwa amejitupa chali, ameshika ile ncha kwa mikono miwili, miguu ameikita kwenye jiwe. Akavuta. Savsan alitambaa kinyumenyume akikohoa, na wakati huohuo akasikia mlio mfupi kama wa kijiti kinachovunjwa. Shakarmo hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa, "Mguu wangu huo."

Walikaa wameshikana hadi pumzi zikarudi. Savsan aliuangalia ule mguu. Kifundo kilikuwa kimepinda na tayari kinavimba ndani ya soksi.

"Hukuona ukingo, Mama? Ulikuwa umetazama kulekule."

 Savsan akainua mkono akaupitisha mbele ya uso wake. Macho yale, mekundu, yanayotiririka machozi, hayakufuata.

"Tangu lini?" aliuliza. 

"Tangu juzi usiku. Jua la kwenye theluji limeyachoma."

"Zohirsho si alikuletea miwani ya jua?"

"Ningekwenda kumzika baba yako nimevaa miwani kama mcheza sinema? Wangesema nini huko Chadib?" Akafuta mashavu kwa kiganja. "Msibani nani atashangaa macho mekundu? Nililia pamoja nao, hakuna aliyejua."

"Ungeniambia. Tungengoja."

"Ndiyo maana sikukuambia. Mjukuu wangu ameacha kulia, nawe unataka tungoje."

 Hasira ilimpanda Savsan, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi. Miaka mitatu alikuwa amemhesabia mwanamke huyu kila neno baya, na leo mwanamke huyu amevuka mlima akiwa kipofu, ameshika ncha ya shali, ili asimcheleweshe.

"Nipeleke kwenye rundo la karibu," Shakarmo aliamuru. "Nilishike."

Savsan alimburuta. Shakarmo akavua glavu, akayapapasa mawe kuanzia chini kwenda juu, akapangusa theluji ya juu, akakuta jiwe la kawaida, jeusi. Kisha vidole vyake vikafika kwenye bamba refu la jiwe lililolazwa kwa upana, likitokeza pande mbili.

"Huyu ana mikono," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Si njia hii. Hawa ni watu wa mawe. Wawindaji wa zamani waliwasimamisha. Mbuzi mwitu wakiwaona hudhani ni binadamu, hukimbia katikati yao hadi wanafika gengeni, wanaanguka. Nyama inaokotwa huko chini. Njia yetu ina mawe meupe ya kung'aa, ndiyo maana nilikuuliza."

"Kwa hiyo nimetuswaga kama mbuzi."

"Mbuzi wangegeuka mapema."

Mwanga ulikuwa ukififia. Kupanda tena hadi kwenye njia, na mtu wa mguu mmoja, katika upepo ule, ilikuwa ni kutafuta kaburi tu. Savsan alikaa kwenye theluji akajiona anazama ndani ya uchovu, uchovu mtamu, wa hatari. Alimfikiria Nekruz akiwa amenyamaza mikononi mwa mtu mwingine, akatamani kupiga ukelele. Shakarmo alimpiga kofi la begani.

"Usilale. Fikiri. Watu wa mawe wanafukuza, sawa. Lakini mwindaji mwenye bunduki alikaa wapi?"

"Sijui."

"Kando, mwisho wa safu, penye kinga ya upepo. Wana kificho chao. Marehemu baba mkwe wangu alilala humo majira yote ya baridi alipokuwa kijana, kama maneno yake ni ya kuaminika. Mtafute mtu wa mawe wa mwisho upande wa kushoto."

Savsan alikwenda kwa magoti, akipapasa. Nyuma ya mtu wa mawe wa mwisho, chini ya jabali, alikuta ukuta mfupi wa mawe na tundu la kutosha mbwa. Ndani palikuwa pakavu, na harufu ya kinyesi cha kale cha mbuzi. Alirudi, akamburuta mama mkwe wake kwa mabega, akiteleza na kuomba radhi kila mguu ulipogonga kitu. Shakarmo alitukana mlima, akatukana wawindaji, akawatukana na watu wa Chadib kwa kupanga mawe bila utaratibu. Alipoingia ndani alinyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Savsan.

Chupa ya chai, ya bati, ilikuwa tupu tangu mchana. Savsan alichota theluji akataka kuitia kinywani.

"Usile," Shakarmo alinong'ona. "Itakunyang'anya joto lililobaki. Itie kwenye chupa, uiweke ndani ya koti."

Akafanya hivyo. Baridi ya chupa ilimkata tumboni kama kisu, na baada ya muda mrefu ilitoa mafunda mawili tu ya maji. Chakula walichokuwa nacho ni kimfuko cha unga wa matunda makavu ya forosadi, ule wanaobeba wasafiri wote. Alimpa Shakarmo kiasi kwenye kiganja. Shakarmo alijaribu kumeza, unga ukamkwama kooni, akakohoa ukatoka wote. Alikuwa akitetemeka kwa nguvu, meno yakigongana. Baadaye kutetemeka kukapungua. Savsan alimkumbatia akangoja kuanze tena. Hakukuanza.

"Mama. Mama, sema kitu. Nisimange."

"Nimechoka kukusimanga."

Kifua cha Savsan kilikuwa kinawaka. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka yenyewe na kulowesha shati. Alijua kwamba yakikaa hivyo yatakauka, na kwamba hata akifika hai atafika na matiti matupu. Aliijua pia dawa ya jambo hilo, na dawa hiyo ilikuwa inamtazama kwa macho yasiyoona. Alishika kifuniko cha chupa, akageukia ukuta kwa aibu ingawa hakuna aliyemwona, akaanza kukamua. Vidole vilikuwa vizito. Maumivu yalimtoa machozi, kisha yakalegea, na kifuniko kikajaa, cha moto, mvuke mwembamba ukipanda. Akakorogea unga wa forosadi humo kwa kidole.

"Kunywa, Mama."

Shakarmo akanusa. Akageuza uso.

"Hayo ni ya Nekruz."

"Nekruz hayuko hapa. Nisipoyatoa yatakauka. Kunywa, ukitaka ayakute."

"Mimi nimezaa sita. Nimnyonye mke wa mwanangu? Unajua maana yake? Nikinywa nimekuwa mwanao."

"Khalifa anayetusalisha atasema mtu mzima hahesabiki."

"Khalifa wetu hajawahi kulala Zardob." Aliukunja uso kama anayepewa dawa ya minyoo, akanywa. Akanywa tena. Savsan alimshikia kichwa, kama vile anavyomshikia mwanawe, na mikono yake ikajua la kufanya bila kufundishwa. Kifuniko kilipokwisha Shakarmo alilamba midomo.

"Matamu," alisema kwa shingo upande. "Zohirsho sasa ni mjukuu wako. Utampigia simu wewe au nimpigie mimi?"

Savsan akacheka. Kicheko kilimtoka na kwikwi, akashindwa kutofautisha kipi ni kipi. Baada ya kitambo akahisi mwili alioukumbatia ukianza tena kutetemeka, na hajawahi kufurahia kitu kama alivyofurahia kutetemeka kule.

Alikamua tena kabla ya mapambazuko, na tena kulipopambazuka. Upepo ulikuwa umepungua, lakini baridi ilikuwa imezidi. Savsan alitoka nje akaona, chini sana, moshi wa Roshdara ukisimama juu ya mapaa. Kijiji kilikuwa palepale. Kati yake na moshi ule kulikuwa na genge.

"Sikiliza," alisema Shakarmo, Savsan aliporudi ndani. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau. "Wawindaji hawakuruka. Nilipokuwa bibi harusi tulitumwa chini kubeba nyama, na niliwaona wakishuka, nyuso zimeelekea mwamba. Kuna ufa kushoto kwa kificho. Walibana magogo ya mreteni humo yawe ngazi. Shuka. Ukifika tuma watu wanifuate."

"Watafika lini?"

"Watafika."

Wote wawili walijua kwamba watamkuta mfu. Savsan alichuchumaa mlangoni. Moshi wa Roshdara ulikuwa unamwita, na kwa dakika moja alikwenda. Kwa mawazo alikwenda kabisa: alishuka, alikimbia, alimshika mtoto. Katika mawazo yale hakugeuka nyuma, na alijichukia. Aliogopa kuchelewa, aliogopa kuanguka, aliogopa zaidi ya yote kwamba mwanawe amenyamaza kwa sababu amechoka kumngoja.

"Nenda, we binti," Shakarmo alisema kwa ukali. "Mwanao anakufa njaa."

"Jana ulikunywa maziwa yangu, ukasema mwenyewe kwamba umekuwa mwanangu," Savsan alijibu. "Sasa nina watoto wawili. Wewe uliyelea sita, nifundishe: unaanzaje kumwacha mmoja mlimani?"

  Shakarmo alinyoosha mkono gizani mwake, akitafuta, na Savsan akaushika.

Alimfunga kwa mkanda wake wa sufu na shali zote mbili, akajifunga ncha nyingine kiunoni, kisha akatangulia kushuka. Ufa ulikuwepo, na magogo yalikuwepo, meusi, yamefunikwa na barafu. Glavu ziliteleza, akazivua kwa meno. Kila alipofika kwenye gogo alisimama, akainua mikono, akaushika mguu mzima wa Shakarmo na kuuweka mahali pake.

"Chini. Chini kidogo. Hapo. Kanyaga."

"Limekaza?"

"Limekaza."

Hakujua kama limekaza. Baada ya muda hakuhisi tena vidole, aliviona tu vikishika. Mguu uliovunjika ulining'inia juu ya kichwa chake, na kila ulipogusa mwamba Shakarmo alitoa mguno mdogo na kuuma shali. Gogo moja lilivunjika chini ya Savsan, akabaki ananing'inia kwa viwiko, na juu yake sauti ikasema kwa utulivu, "Usiniambie. Endelea." Karibu na chini hapakuwa na gogo tena. Savsan alitazama theluji iliyorundikana chini yao, akamwambia mama mkwe wake ajikunje, wakajiachia. Waliviringika pamoja hadi wakasimama kwenye kitu kigumu. Savsan alipangusa theluji akaona pembe, pembe nyingi, na mifupa ya mbuzi waliowaamini watu wa mawe.

Kutoka hapo alimbeba mgongoni. Alianguka mara nyingi asizokumbuka. Mwishowe alikuwa anatambaa, Shakarmo amelala juu yake akimwambia maneno ambayo watoto huambiwa wanapojifunza kutembea. Mbwa ndio waliowasikia kwanza. Wanaume wa Roshdara walikuwa wakiwatafuta upande wa njia, na mume wa Gulandom alipomwona Savsan akitokea upande wa genge alidhani ni dubu.

"Mtoto," Savsan alimwambia. Ulimi ulikuwa mzito. "Mtoto wangu."

"Yu hai," alisema yule mwanamume, akageuza macho. "Harakisha."

Nyumbani walimkalisha kando ya jiko, chini ya tundu la paa. Mikono yake ilikuwa imetumbukizwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, ncha za vidole viwili zikiwa nyeusi, na alijua kwamba hizo hazirudi. Gulandom akamweka Nekruz mapajani mwake. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Macho yalikuwa wazi, midomo imekauka, naye alimtazama mama yake bila kumtambua. Savsan alimweka titini. Mtoto akageuza uso. Akamweka tena, na tena akageuka. Alitoa mkono mmoja kwenye beseni, akakamua kwa kiganja maana vidole havikufanya kazi. Tone likatoka. Maziwa alikuwa nayo bado. Tone lilianguka juu ya mdomo wa mtoto, likakaa, kisha ulimi mdogo ukatoka ukalichukua.

Nekruz akashika. Alivuta polepole, kisha kwa uchu, akikoroma na kukohoa, akipiga ngumi kifuani mwa mama yake kama mtu anayedai haki yake.

Ng'ambo ya jiko Shakarmo alikuwa amelala, mguu umefungwa mbao, kitambaa kilicholoweshwa chai baridi kimefunika macho. Wote walidhani amelala usingizi.

"Ananyonya?" aliuliza.

"Ananyonya, Mama."

 Machozi yalimtoka Shakarmo chini ya kitambaa, naye hakuyafuta.

"Mwambie asimalize," alisema. "Dada yake hajala tangu asubuhi."

Gulandom alimgusa paji la uso, akamnong'oneza mumewe kwamba homa imempanda bibi wa watu. Savsan hakuwaeleza kitu. Alikuwa anacheka na kulia, na mkono wake ulio huru, wa vidole vyeusi, ulikuwa unakorogea unga wa forosadi kwenye kifuniko cha chupa chenye maziwa yake.